Jina Kwenye Fomu ya Baba Mkubwa

Walisema sitamaliza kidato cha nne. Nilipomaliza, walisema chuo kitanishinda, kwa sababu mtoto aliyekua akichunga mbuzi wa watu hapa Mungaa hawezi kukaa darasani akajifunza kuhesabu fedha za watu. Nilipopata diploma, walisema haitaninunulia hata godoro. Nilipopata kazi mjini walisema sitarudi, na niliporudi walisema nimefukuzwa. Kwaya hiyo iliongozwa na baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu. Siku nilipoanza kazi ya umeneja katika chama chetu cha akiba na mikopo, alikuja akasimama mbele ya ofisi, akakisoma kibao cha mlangoni polepole, herufi kwa herufi, kisha akasema kwa sauti iliyofika dukani ng'ambo ya barabara:

"Tumekwisha. Mchunga mbuzi amekabidhiwa ufunguo wa sanduku."

Dukani walicheka. Nami nilicheka, kwa kuwa ufunguo kweli ulikuwa mfukoni mwangu.

Niseme wazi: mimi ni mtu niliyejitengeneza. Mikono ilikuwa yangu. Udongo niliazima kwa watu, na hao nitawataja kwa heshima yao, lakini mikono ilikuwa yangu. Diploma yangu ni ya ushirika na uhasibu, na nimeitundika ukutani mahali ambapo kila anayeingia ataiona kabla hajaniona mimi. Nilikikuta chama kikiwa na chumba kimoja, kabati lenye mlango uliolegea na vitabu vilivyoliwa na mchwa pembeni. Leo kina kompyuta, kina umeme wa jua, na wanachama hawasubiri mkopo mpaka msimu wa kupanda upite. Nimejenga nyumba yenye bati la rangi inayoonekana kutoka barabara kuu. Haya si majivuno, ni taarifa.

Ila kuna kazi moja ambayo hata mimi, asubuhi nyingine, niliamka nikifikiri kwamba kwaya ya baba mdogo ilikuwa na haki. Ilihusu jina moja kwenye fomu ya baba mkubwa, na mtu aliyekuwa hatarini kwa sababu ya jina hilo ni mama mkubwa.

Baba mkubwa, kaka yake baba, ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki nikiwa darasa la tatu. Yeye na mama mkubwa hawakujaliwa mtoto wa kumzaa. Nilikula kwao, nikalala kwao, nikachapwa kwao. Walilima alizeti na vitunguu, wakafuga kuku, na kila walichopata baada ya mavuno walikipeleka kwenye chama. Lakini siku ya kujiunga, zamani hizo, baba mkubwa alikwenda ofisini peke yake, maana mama mkubwa alikuwa shambani akipalilia. Kitabu kikaandikwa jina la mume. Kwa karibu miaka ishirini jasho la watu wawili likawa linaingia kwenye jina moja, na hakuna aliyeona kasoro.

Sasa kila fomu ya kujiunga ina sehemu ya chini inayouliza jina la mteule, yaani mtu atakayelipwa hisa na akiba zako ukifariki. Ni mistari mitatu tu. Mwanachama akiijaza vizuri, siku akifariki mteule wake analeta cheti cha kifo na kitambulisho, bodi inakaa, inakata mkopo kama upo, inalipa. Imekwisha. Akiiacha tupu, chama hakiwezi kumpa mtu fedha kwa sababu tu analia kuliko wengine. Ukoo unakaa kikao, unaandika muhtasari, unachagua msimamizi wa mirathi, mnakwenda Mahakama ya Mwanzo, tangazo linabandikwa, mnasubiri kama kuna mwenye pingamizi, na kila mara mnapoitwa kuna nauli. Nilimshuhudia mjane mmoja hapa kijijini akienda na kurudi tangu kupanda hadi kuvuna, akaenda tena tangu kuvuna hadi kupanda. Alipolipwa, nusu alishaila barabarani.

Na mjane yule alikuwa na watoto. Mama mkubwa hana. Kikao cha ukoo juu ya mali ya baba mkubwa kingeongozwa na baba mdogo, na mnamjua.

Kwa hiyo mwaka wangu wa pili kazini, baba mkubwa alipoanza kuvimba miguu na kuhema akitoka tu mlangoni kwenda uani, niliamua kupitia fomu zote za chama, moja baada ya nyingine. Nilitegemea kukuta nafasi tupu. Nilichokikuta kilinitoa jasho. Nafasi zilikuwa zimejazwa, lakini kwa majina ya ajabu. Mzee wa hapa Mungaa, mwenye mke na watoto saba, amemwandika mtu wa Itigi. Mwingine ameandika mtu wa Mkalama ambaye hata kabila si lake. Mwingine wa Manyoni. Wazee kumi na wawili nilihesabu, na hakuna hata mmoja aliyemwandika mkewe.

Diploma yangu iliniambia huo ni wizi. Nikafikiri karani wa zamani aliwauza wazee kwa watu wa mbali. Nikaandika barua kali kwa bodi, kurasa mbili, nikatumia neno "ubadhirifu" mara nne. Mwenyekiti wa bodi, mwalimu mstaafu, mama wa makamo anayevaa miwani kwenye kamba, aliisoma yote. Kisha akavua miwani, akafuta machozi ya kicheko.

"Wewe umezaliwa hapa kweli?"

"Nimezaliwa hapa, mwalimu."

"Hao waliowaandika ni watu wanaowawekea ng'ombe. Nenda kachome barua yako kabla wazee hawajaisikia."

Kila mtoto wa huku analijua jambo hilo, nami nilikuwa nimelisahau mjini. Mzee wa Kinyaturu hakai na ng'ombe wake wote zizini kwake. Wachache anakaa nao, wengine anawaweka kwa rafiki, mbali. Ugonjwa ukija haumalizi wote, na majirani hawajui utajiri wako. Mtunzaji anakunywa maziwa na mara nyingine anapata ndama. Hakuna karatasi. Mwenye ng'ombe akifariki, mtunzaji anakuja matangani, anasimama mbele ya watu, anataja ng'ombe wa marehemu walio kwake. Asiyekuja kutaja, jina lake limekwisha, yeye na wanawe.

Basi chama kilipouliza, "Nani atapokea akiba yako ukifariki?", wazee walimwandika mtu ambaye maisha yao yote amekuwa akipokea na kutunza. Hawakukosea kusoma wala kuelewa Kiswahili. Waliijibu fomu kwa akili ya zizi.

Nikafungua fomu ya baba mkubwa. Mteule: mzee mmoja wa Mitundu, mkulima na mfanyabiashara wa asali, rafiki yake tangu ujana, ambaye mimi sikuwahi kumtia machoni.

Jioni hiyo nilikwenda nyumbani. Baba mkubwa alikuwa amekaa nje, miguu juu ya gogo. Mama mkubwa alikuwa pembeni akichambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, baba mkubwa. Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Umekuja na gari la ofisi?"

"Ofisi haina gari, baba mkubwa."

"Basi meneja wa miguu. Kaa."

Nikakaa, nikamwuliza kuhusu yule mzee wa Mitundu.

"Yuko hai. Kwa nini?"

"Kwenye fomu ya chama ulimwandika yeye. Ukiondoka, yeye ndiye atakayelipwa."

"Ndiyo. Nilimwandika apokee."

"Apokee kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya mama yako huyu. Nani mwingine?"

"Hilo halikuandikwa."

"Ng'ombe wangu waliandikwa wapi?"

Nilimweleza kwamba chama hakijui moyo wa mtu, kinajua jina. Fedha zikilipwa kwa mzee yule ni zake, na hakuna hakimu atakayemdai kwa niaba ya mama mkubwa. Baba mkubwa akasema mzee yule hawezi kula mali ya rafiki. Nikauliza, na yeye akitangulia? Na watoto wake wakimwandama?

"Hatangulii yule. Ana kichwa kigumu."

Hapo ndipo mama mkubwa alipoinua macho kutoka kwenye ungo.

"Kwa hiyo mimi kwenye karatasi simo."

"Umo," alisema baba mkubwa. "Umo kwake."

"Nimo Mitundu?"

Baba mkubwa akapangusa gogo kwa kiganja.

"Miaka yote nalala hapa, nalima hapa, kumbe niko Mitundu." Akaendelea kuchambua maharage. Alikuwa anatupa mabovu na mazima pamoja.

Baba mkubwa aliniangalia kama mtu aliyeletewa kesi na mtoto wake mwenyewe. Akasema basi niandikwe mimi, niliyelelewa pale. Nilikataa papo hapo. Nakiri kwamba kwa muda mfupi sana niliyafikiria matofali ya nyumba niliyokuwa najenga, lakini nilikataa. Meneja hawezi kujiandika kwenye mali ya mwanachama, hata kama ni baba yake. Nikasema aandikwe mama mkubwa, na yule wa Mitundu aondolewe kesho asubuhi.

"Kumwondoa?" Alishusha miguu chini, na kushusha miguu kulimuuma. "Nimfute mtu kwa kalamu, hayupo, hajui? Wewe ukitaka ng'ombe wako unamtuma mtoto akawaswage? Unakwenda mwenyewe. Unasalimu. Unakunywa maziwa yake. Unamwachia mtamba mmoja ambaye hajazaa, zizi lake lisibaki na upepo. Ukichukua kimyakimya umemwita mwizi. Niko tayari kufa na fomu hiyo kuliko kumwita mwizi."

Aliyasema hayo akihema. Na safari ya Mitundu hakuiweza tena.

Nikaenda mimi. Pikipiki hadi lami, basi hadi Itigi, nikalala gesti ya karibu na reli, asubuhi nikapata gari la mizigo lililokuwa linapeleka chumvi Mitundu. Nilivaa tai. Nilitaka mzee yule ajue anazungumza na mtu wa aina gani.

Nilimkuta nyuma ya nyumba yake akichuja asali kwa kitambaa, mikono hadi kwenye viwiko inang'aa. Mzee mfupi, mwenye macho ya utani. Nilimpa shikamoo, nikajitambulisha. Akanitazama kuanzia tai kushuka chini.

"Marahaba. Kumbe ndiye wewe mwenye diploma."

"Ndiye mimi, mzee."

"Diploma inakamua?"

Sikuelewa. Akaita mkewe alete kibuyu, akanionyesha ng'ombe mmoja mwekundu zizini. "Huyo ni wa baba yako mkubwa. Hatuongei habari za mwenye ng'ombe kabla ya kunywa maziwa yake. Mimi mikono ina asali. Kazi kwako."

Nilikunja mikono ya shati, nikaitupia tai begani, nikakamua. Sitaki kusema mengi, ila kibuyu kilijaa na povu likapanda, na yule mke alicheka akampigia mumewe makofi ya dhihaka. Mchunga mbuzi hasahau.

Tulikunywa. Ndipo nikaeleza kilichonileta, kwa kuzunguka sana, nikimsifu kila baada ya sentensi mbili. Nilipofika kwenye jina lake na fomu, akaweka kibuyu chini, akanyanyuka, akaingia ndani. Nikajua nimeharibu. Nilikaa pale nikitengeneza kichwani maneno ya kumwomba radhi, na maneno mengine ya kumweleza baba mkubwa kwamba nimemwita rafiki yake mwizi.

Mzee akatoka na kitabu kidogo kilichofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Kilikuwa cha chama kingine, cha upande wa Itigi.

"Macho yangu hayaoni herufi ndogo. Nisomee ukurasa wa nyuma."

Nikasoma. Mteule wake alikuwa baba mkubwa.

Tuliangaliana. Kisha akaanza kucheka taratibu, mabega yakitikisika, nami nikashindwa kujizuia.

"Sasa tukifa siku moja sisi wawili, fedha zinakwenda wapi?"

"Zitabaki zinasalimiana, mzee."

"Na wake zetu?"

"Watapanda ngazi za mahakama."

Akaacha kucheka. Alimtazama mkewe aliyekuwa anasuuza kibuyu, akichechemea kutoka kisimani hadi kivulini. "Wangu ana goti bovu," alisema. "Ngazi hapandi."

Akaniuliza mambo mengi, moja baada ya jingine, na nilimjibu yote, na nakiri kwamba hata chuoni sikuwahi kuulizwa maswali mazuri kama yale. Mteule akifa kabla ya mwanachama inakuwaje? Unabadilisha, nikasema, ndiyo maana fomu inatakiwa kutazamwa kila mwaka. Mtu ana wake wawili? Anaweza kuandika wote na kutaja mafungu. Mtoto mdogo? Unaandika na mtu mzima wa kumpokelea. Mwishoni akasema:

"Yote nimekubali. Ila mtu hafutwi."

Hapo ndipo diploma na zizi vilipokutana. Nikakumbuka kwamba chini ya mistari ya mteule kuna mistari miwili ya mashahidi. Nikamwambia, "Hatukufuti, mzee. Tunakushusha chini kidogo."

"Kunishusha tena!"

"Pa shahidi. Mteule anapokea. Shahidi anasimama mbele ya watu na kusema, nilikuwepo."

Alifikiri, akilamba asali kwenye kidole. "Hiyo ndiyo kazi yangu hasa," alisema. "Ile nyingine mlinipa bure. Nitakuja mwenyewe nikishauza madumu haya."

Nilipoaga, alinisindikiza hadi lilipokuwa gari la chumvi. Akaniuliza kama chuoni tulikuwa tunakula vizuri. Nikasema tulikuwa tunakula. Akasema, "Vizuri. Mwaka wako wa pili ulikuwa wa asali ya kwangu. Baba yako mkubwa alikuja hapa amekwama, nikauza madumu sita."

Sikuwa najua. Miaka yote nilidhani mwaka wa pili ulilipwa na vitunguu. Nilimshukuru pale pale. Akanisukuma ndani ya gari kwa mkono wenye asali, na doa lilibaki kwenye shati hadi leo. Silifui shati lile.

Alikuja kweli, na madumu mawili tupu ya kurudishia mafuta ya alizeti. Wazee wale walikuwa hawajaonana kwa misimu mingi. Walikaa uani tangu asubuhi wakitukanana kwa furaha. Huyu akimwita mwenzake mwizi wa maziwa, yule akimwita mwenzake maiti inayosubiri posho. Mchana nikaleta fomu. Nilimleta na mwenyekiti wa bodi, nisije nikasemwa.

Baba mkubwa alishika kalamu, lakini kabla ya kuandika alimgeukia rafiki yake.

"Mwenzangu, nimekuja kwako kuchukua."

"Umekuja? Umekaa hapo na miguu yako kama magunia, mimi ndiye nimekuja. Chukua."

Mama mkubwa alikuwa amevaa kitenge cha kanisani na ameshapiga picha ndogo mbili kwa mpiga picha wa sokoni. Baba mkubwa alipotaka kuandika jina la mkewe, yeye akachukua kalamu, akaliandika mwenyewe, akiishikilia karatasi kwa kiganja kizima. Kisha akanipa.

"Soma."

Nikasoma jina lake.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Picha moja ikabandikwa kwenye fomu, iliyobaki akaifunga kwenye leso. Mzee wa Mitundu akatia sahihi mstari wa shahidi, kubwa mno, ikapita hadi kwenye nafasi ya muhuri. Na kabla hajaondoka, baba mkubwa alimwambia kwamba mtamba wa yule ng'ombe mwekundu abaki wa kwake.

Habari ilitembea. Kabla ya mvua wazee wengine wakaanza kuja ofisini na watunzaji wao, wa Itigi, wa Mkalama, wa Manyoni, na mimi nikawa napika chai kama ni harusi. Wote kumi na wawili wamebadilisha. Waliosema wazee wa Mungaa hawawezi kuandika wake zao, waje watazame kabati langu.

Baba mkubwa alifariki baada ya mavuno ya alizeti, mchana, usingizini, mama mkubwa akiwa amekaa pembeni yake. Sina malalamiko juu ya kifo hicho. Nina shukrani tu kwa namna kilivyokuja, kikiwa kimepiga hodi mapema.

Siku ya kumaliza matanga, sala ilipokwisha, baba mdogo alisimama. Aliwashukuru watu vizuri, akataja shamba, akataja zana, kisha akasema: "Na kuna kitabu cha chama. Kitabu hicho ni cha ukoo. Kikao kitakaa, msimamizi atachaguliwa, na huyu kijana wetu meneja atatusaidia."

Watu wote wakanigeukia. Mama mkubwa aliangalia chini. Nilikuwa na hotuba nzima, yenye vifungu vya sheria, nikaanza kunyanyuka. Mkono ukanishika goti. Mzee wa Mitundu alikuwa amekaa jirani yangu, amesafiri usiku kucha.

"Kaa," alinong'ona. "Hii si ya diploma."

Akasimama. Kwanza akataja ng'ombe wa marehemu walio kwake, rangi kwa rangi, na ndama waliozaliwa, na mmoja aliyekufa kwa ugonjwa, ngozi yake ameileta. Watu wakaitikia. Kisha akasema:

"Na kitabu. Kwenye fomu ya kitabu hicho nilikuwa mimi. Mngetaka leo, fedha zingekuwa zangu. Nilishuka kwa miguu yangu, na marehemu akamwandika mke wake, mimi nikiona, mwenyekiti akiona. Mwenye kubisha abishe na mimi. Nimetoka mbali na sina haraka ya kurudi."

Baba mdogo akarekebisha kola ya shati.

"Hapana, kaka, nimesikia. Nilikuwa nauliza tu."

"Umejibiwa tu," alisema mzee, akakaa.

Ng'ombe na shamba vilikwenda kwenye kikao cha ukoo, na mambo hayo yana njia zake. Akiba haikwenda. Nilijiondoa kwenye shauri lile, mhasibu na bodi wakalishughulikia. Wiki ya pili tu, mama mkubwa aliitwa na cheti cha kifo na kitambulisho chake. Hakuchukua fedha zote mkononi. Alijaza fomu ya kujiunga, akafunguliwa kitabu chenye jina lake, na kiasi kikubwa kikahamia humo. Alipotoka alikishika kitabu kwa mikono miwili hadi getini, na mlinzi akamfungulia ingawa lilikuwa wazi.

Lakini nirudi kidogo matangani. Baada ya mzee kukaa, liliulizwa swali la kawaida: nani alikuwa anadaiwa na marehemu? Nilikuwa nimewatembeza wazee wa tarafa nzima wakaandika mambo yao mchana kweupe. Sikuweza kukaa kimya. Nilisimama mimi mwenye diploma, nikasema: "Mimi. Mafahali wawili, aliowauza kwa ada yangu ya mwaka wa kwanza." Kulikuwa na minong'ono. Mama mkubwa akasema hapakuwa na deni, ilikuwa malezi. Nikamwambia marehemu alisema "nakukopesha", nami nilisema "nitarudisha", na mbele ya watu nikataja na wengine wawili wanaonidai: madumu sita ya asali ya mzee wa Mitundu, na baiskeli ya baba mdogo. Ndiyo, ya baba mdogo. Siku ya kuondoka kwenda chuo nilikosa nauli, na yeye, katikati ya kunicheka, aliniletea baiskeli yake akasema, "Iuze. Ukishindwa utarudi kwa miguu."

Ilinichukua msimu mmoja. Sikuchukua hata shilingi ya mkopo kwenye chama, nililima alizeti yangu na kubana mshahara. Siku nilipokuwa tayari, nilitaka yote yafanyike kwa siku moja, nami huwa nafanya ninachotaka. Asubuhi nilitoka mnadani na mafahali wawili, nikawafunga uani kwa mama mkubwa. Aliwazunguka, akawapapasa migongo, akasema mmoja ni mwembamba. Nikasema wa marehemu pia alikuwa mwembamba. "Huyo ulikuwa humjui," alisema, na akaingia ndani kupika, maana alikuwa anajifuta macho na hakutaka nione. Saa sita mzee wa Mitundu alishuka kwenye basi, kwa kuwa alikataa kutumiwa chochote kwa simu. Nilimkabidhi madumu sita ya mafuta ya alizeti yaliyojaa hadi kwenye mfuniko. Aliyanusa moja moja.

Kisha nikaisukuma baiskeli mpya hadi kwa baba mdogo. Alikuwa anapiga soga na watu wale wale wa dukani. Aliinyanyua nyuma, akazungusha pedali, akabonyeza matairi.

"Nilishasahau mimi."

"Hukusahau, baba mdogo."

"Sikusahau," alikubali, na watu wakacheka. Akautazama usukani. "Haina kengele."

"Yako ilikuwa na kengele?"

"Haikuwa nayo. Lakini deni la siku nyingi lina riba, meneja. Au chuoni hamkufika huko?"

Nikaingia dukani, nikanunua kengele, nikaazima spana, nikaifunga mwenyewe. Aliipiga mara mbili, akaniambia, "Asante, mwanangu." Na mimi nikamwambia asante, nikaimaanisha yote. Tangu hapo sidaiwi na mtu, Mungaa wala Mitundu.